Je, katiba ya jimbo yaweza kutenganisha dini na serikali zaidi ya Katiba ya Marekani?

Swali: Nasoma sheria za katiba. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani tayari yanazuia serikali kuanzisha dini na yanalinda uhuru wa kuabudu. Kwa nini basi majimbo yana vifungu vyake kuhusu dini, na vikitofautiana na Katiba ya Shirikisho hufuatwa kipi?

Jibu: Sababu moja ni ya kihistoria. Marekebisho ya Kwanza, yaliyoridhiwa mwaka 1791, yaliifunga Kongresi, yaani bunge la shirikisho, peke yake, ndiyo maana Massachusetts iliendelea kugharimia makanisa kwa kodi hadi 1833 bila kuvunja Katiba hiyo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliyatumia dhidi ya majimbo mwaka 1940 kuhusu uhuru wa kuabudu, na mwaka 1947 kuhusu kuanzisha dini.

Sababu yenye uzito zaidi leo ni kwamba maneno hayafanani. Chukua Oklahoma, ambayo katiba yake ya 1907, Ibara ya II, kifungu cha 5, inakataza fedha au mali ya umma kutumika kamwe, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, kwa manufaa ya kanisa, dhehebu au mfumo wowote wa dini. Marekebisho ya Kwanza hayataji fedha wala mali. Mwaka 2012 jiwe la Amri Kumi lilisimamishwa katika viwanja vya makao ya Bunge la jimbo hilo, nalo lilinunuliwa kwa fedha za watu binafsi. Watetezi wake waliegemea hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 2005 iliyoruhusu jiwe la namna hiyo kubaki Texas. Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Oklahoma ilijibu kwamba hukumu ile ilitafsiri Katiba ya Marekani, ilhali shauri hili lilihusu katiba ya jimbo. Kiwanja ni mali ya umma, basi jiwe liondoke. Liliondolewa Oktoba. Mwaka uliofuata wapigakura waliombwa kukifuta kifungu chenyewe, wakakataa, jambo ambalo wengi wanaolijua jimbo hilo kwa ucha Mungu wake hawakulitarajia.

Jimbo basi laweza kujibana zaidi ya Katiba ya Shirikisho inavyolibana, lakini haliruhusiwi kumnyima mtu haki ambayo Katiba hiyo inampa, na hapo kifungu cha jimbo hushindwa. Hicho ndicho kilichoipata Montana mwaka 2020, pale Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba jimbo halilazimiki kusaidia shule binafsi, ila likiamua kuzisaidia haliwezi kuzitenga nyingine kwa sababu tu ni za kidini. Tofauti ya kesi hizi mbili ni kwamba jiwe la Oklahoma lilikuwa kauli ya serikali yenyewe. Shule ya kidini ya Montana, kwa upande wake, ilichaguliwa na mzazi, si serikali.

Ugumu uko kwenye mambo yaliyo katikati. Mwaka 2024 mahakama ileile ya Oklahoma ilikataa shule ya Kikatoliki iendeshwe kwa mkataba na jimbo kama shule ya umma. Rufaa katika Mahakama ya Juu ya Marekani iliishia kura 4 kwa 4 Mei 2025, kwa hiyo uamuzi wa jimbo ulibaki, lakini kura sawa haziweki kanuni ya kufuatwa na mahakama nyingine. Kama shule ya namna hiyo ni chombo cha serikali au ni taasisi binafsi yenye mkataba, Mahakama ya Juu ya Marekani haikusema.