Umetoka kwenye mieleka unataka kuigiza na kutengeneza muvi yako? Soma hii kwanza

Ukitoka kwenye mieleka ukaenda kuomba nafasi kwenye muvi, kitu cha kwanza utakachopewa ni mlango usimame. Baunsa, jambazi wa tatu kutoka kushoto, bodigadi wa bosi. Ukikubali leo, kesho na keshokutwa basi ndo umeshaandikwa hivyo, dairekta akisikia jina lako anaona mabega tu. Mimi nimepita njia hiyo, nilikuwa mtu wa mieleka ya maonesho hapa hapa Mbeya, tunapiga kwenye viwanja vya shule, sikukuu, siku za mnada, na sasa hivi naigiza na natengeneza muvi ndogo ndogo na wenzangu kwa hela zetu wenyewe. Vijana ambao bado wako mazoezini wananiuliza sana njia ikoje, kwa hiyo naandika hapa kwa urefu kidogo.

Ninachoamini mimi ni kwamba ulichotoka nacho ulingoni sio misuli. Misuli wanayo hata wale kaka zetu wanaopakia viazi pale Uyole. Ulichotoka nacho ni kumtunza mwenzako. Watu wa nje wanaona tunaumizana, ila sisi tunajua ukimnyanyua mtu juu ya kichwa shingo yake iko mikononi mwako, unamminya mkono kidogo kumuuliza uko salama, na yeye anakuminya kukujibu, uwanja mzima unapiga kelele na hakuna aliyeona. Yani hicho kitu ndo kuigiza kwenyewe, kumsikiliza mwenzako muda wote mpaka yeye aonekane vizuri. Nimekaa na waigizaji wenye sura nzuri na sauti nzuri ambao wakimaliza kusema maneno yao wanazima, wanasubiri zamu yao irudi, wewe mtu wa mieleka hauwezi kuzima sababu ulingoni ukizima mtu anavunjika. Nenda na hiyo, na uiseme kwa dairekta siku ya kwanza kabla hajaangalia mabega.

Cha kuacha ni ule ukubwa. Ulingoni unamuigizia yule mtoto aliyekaa juu ya ukuta kule mwisho kabisa, ukipigwa inabidi mgongo uongee, mikono iongee, uso ukunjwe mpaka yule mtoto aelewe. Kamera iko karibu, inakuona ukimeza mate. Mazoezi ninayowapa vijana ni haya, mwenzako ashike simu akurekodi uso tu, mwingine akusomee habari mbaya, mfano kaka yako amepata ajali ya bodaboda, na wewe usifanye kitu, sikiliza tu. Alafu angalieni pamoja. Utaona nyusi zinavyopanda, taya linavyobana, pumzi zinavyohema kama raundi ya mwisho. Rudia kila siku mpaka uso utulie na macho ndo yafanye kazi. Hii inachosha kuliko kuruka kamba na wengi wanaiacha hapo.

Angalia Dave Bautista, mtu wa mieleka wa Marekani. Aliondoka WWE, ile kampuni kubwa ya mieleka ya kule, 2010 akiwa jina kubwa kabisa, akaanza kuchukua nafasi ndogo ndogo, mpaka 2014 kwenye Guardians of the Galaxy ndo dunia ikamuona kama muigizaji. Ila mimi namtumia kufundishia kwa ile ya 2017, Blade Runner 2049, yupo mwanzoni tu dakika chache, kavaa kamiwani kadogo, anaongea taratibu, na lile lijitu linakuonesha mtu aliyechoka na maisha. Hapo mwili mkubwa umekuwa huzuni, sio tishio. Najua wengi mnamuangalia The Rock, nae katoka WWE hiyo hiyo, 2001 kaonekana kidogo kwenye The Mummy Returns na mwaka uliofuata tu akapewa The Scorpion King awe staringi, sasa ile ni bahati ya watu wachache sana na nyuma yake kuna kampuni zenye hela, usiipangie maisha yako. Njia ya Bautista ndo inafanana na yetu, nafasi ndogo uifanye mpaka watu waulize yule nani.

Au uache kusubiri kabisa uandike ya kwako. Mimi nashauri hivyo, sababu hakuna mtu Dar anayekaa kufikiria kumuandikia mkinga aliyekuwa mpiganaji nafasi ya baba anayemlea binti peke yake. Wewe ndo unaweza. Na usibadilishe lafudhi, ongea kama unavyoongea Mwanjelwa, watu wa huku wana kiu ya kujisikia wenyewe kwenye muvi.

Kwenye kuandika ugomvi ndo tuna utajiri wetu na ndo wengi wanaumwaga bure. Ugomvi bila neno ndani yake unachosha baada ya sekunde kumi hata kama umeruka sarakasi zote. Kuna muvi ya 1988 ya John Carpenter, They Live, staringi ni Roddy Piper aliyekuwa mtu wa mieleka, wanapigana yeye na Keith David kwenye uchochoro zaidi ya dakika tano. Dakika tano! Na haichoshi, sababu jamaa anamtaka rafiki yake avae miwani aone ukweli na rafiki hataki kuvaa, basi, kila ngumi ni vaa, kila ngumi ni sitaki. Kabla ya kupanga ngumi jiulizeni huyu anataka nini na yule anamkatalia nini, mkikosa jibu futeni sini.

Na unapopigana na muigizaji ambaye hajawahi kuanguka maisha yake, wewe ndo mkubwa wake pale. Mpe neno la kusimamisha, akilisema kila kitu kinasimama hata kama teki ilikuwa nzuri namna gani. Mfundishe kidevu kifuani, atoe pumzi, aangukie mgongo wa juu na mikono ipige chini ili uzito utawanyike, asitangulize kiwiko. Usimuangushe kwenye sakafu ya simenti ati kamera inataka uhalisia. Huku kwetu tuna mbao, nenda kwenye mashine ya kupasulia mbao ujaze maranda kwenye viroba, ukiwa Mafinga ndo usiseme, panga viroba tabaka mbili, tandika godoro kuukuu juu, kamera ikae chini isione. Inatosha kabisa kwa anguko la urefu wa meza.

Kameramani. Hapa mkoani wengi wazuri ni wa harusi, kwa hiyo Ijumaa mpaka Jumapili usiwapigie simu, wako kwenye sendofu na kitchen party. Shuti Jumatatu mpaka Alhamisi, bei inashuka na mtu ana akili imetulia. Ila kaa nae kwanza umuelezee, mkono wake umezoea kuzunguka keki na kuweka slow motion kila mahali.

Saundi ndo itakuua. Mtu atavumilia picha ya simu ila sauti mbaya anafunga hapo hapo. Nyumba ya bati usishuti sini ya maongezi miezi ya mvua, ikianza kunyesha hamna muvi tena mpaka iishe, na Tukuyu ndo hivyo haina siku ya kuaminika. Pembeni ya barabara kuu ya Tunduma malori hayaishi usiku na mchana, ingia mtaani ndani ndani, Isyesye huko au upande wa mlimani. Alafu kuna kitu cha Juni na Julai hakisemwi, asubuhi baridi mdomo unatoa moshi, mchana jua limewaka hautoi, sasa ukishuti nusu ya sini saa moja asubuhi na nusu saa saba mtazamaji anaona mtu anatoa moshi alafu hana moshi, maongezi hayo hayo. Sini moja, wakati mmoja wa siku, maliza.

Watu wako wale kabla hamjaanza, sio baada. Chai na viazi, mchana wali maharage, hata kama haulipi hela kubwa. Na kile kidogo mlichokubaliana kiandikwe kwenye karatasi wote mkasaini, hata awe ni mdogo wako wa damu.

Vibali usiviruke. Bodi ya Filamu ipo kwa sheria ya 1976, skripti inapelekwa kupata kibali cha kutengeneza, na muvi ikiisha inakaguliwa na kupangiwa daraja, yani watu wa umri gani waiangalie, kabla ya kuoneshwa kwa watu. Anza kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, anajua utaratibu, na mwenyekiti wa mtaa mpe taarifa mapema, hasa mkiwa na mapanga ya kuigizia, majirani wasije wakaita polisi. Ikiisha kaisajili COSOTA, wale wa hakimiliki.

Ukishapata daraja lako peleka kwenye vibanda vya mpira, Mwanjelwa, Mbalizi, Kyela, Makambako, watu wale wale waliokuwa wanakushangilia kwenye mieleka ndo wako mle. Kubaliana na mwenye kibanda mgawane kiingilio, siku ambayo hakuna mechi kubwa. Ila nenda na laptop yako mwenyewe, chomeka mwenyewe, kaa hapo hapo mpaka iishe uondoke nayo. Usimuachie flashi hata kama ni rafiki yako, maana kesho yake mzigo uko kwa wale wanaowajazia watu muvi kwenye simu na hautaona shilingi tena.