Ukijaribu seva ya wagonjwa, weka mapacha ndani yake

Mwaka wangu wa kwanza wa kuunganisha mifumo ya vituo vya afya hapa Kampala, majaribio yangu yalijiendesha kila usiku na kila asubuhi niliyakuta kijani tupu, yaani yote yamefaulu. Siku moja muuguzi wa kituo kimoja akanipigia simu: "Ssebo, nimetafuta mtoto mmoja kwa tarehe ya kuzaliwa, nimeletewa watoto wote."

Chanzo kilikuwa herufi moja. Katika FHIR, kiwango ambacho mifumo ya afya hukitumia kubadilishana rekodi, sehemu ya rekodi yenye tarehe ya kuzaliwa huandikwa birthDate, lakini kigezo cha kuitafutia ni birthdate, herufi ndogo tupu. Sisi tuliweka D kubwa. Seva haikukijua kigezo hicho, na kwa kuwa kiwango kinairuhusu kupuuza isichokijua, ikatuletea kila aliyemo. Majaribio yangu yangelionaje? Hifadhidata yake ilikuwa na mgonjwa mmoja tu. Ungetafuta kwa lolote, ungempata yeye.

Tangu hapo naanza na mapacha. Namwingiza Babirye na Nakato, tarehe moja ya kuzaliwa, namba moja ya simu ya Nnalongo, mama yao, kisha Kizza aliyewafuata. Nikitafuta kwa tarehe pekee, waje mapacha wawili bila Kizza. Nikimtafuta Nakato kwa jina na tarehe, aje peke yake. Akija na Babirye, jaribio limefeli, hata kama niliyemtaka yumo. Nasisitiza hili kwa sababu ndipo chanjo ya mtoto mmoja inapoandikwa kwenye kadi ya mwenzake, na hakuna atakayegundua mpaka siku mtoto anaugua.

Halafu nakosea makusudi. Natuma ombi lenye kigezo cha uongo pamoja na kichwa cha ombi (mstari wa maelekezo unaotangulia ombi) cha Prefer: handling=strict, ambacho kinaitaka seva ikatae isichokielewa. Ikinijibu 200, yaani "sawa", narudi kwa walioiandika.

Kuna na mtandao. Kituo kinatuma rekodi, laini inakatika kabla jibu halijarudi, programu inatuma tena, na mgonjwa mmoja anakuwa wawili. Tuma rekodi ileile mara mbili ukitumia kichwa cha If-None-Exist, kinachoiambia seva isiunde rekodi iliyopo tayari: ya kwanza ijibiwe 201, yaani "imeundwa", ya pili 200. Kisha hesabu wagonjwa. Usiridhike na namba ya jibu, hesabu.

Tamko la uwezo lililoko /metadata lisome, na kila seva inachodai humo kijaribu. Zana za kujaribu seva za FHIR kama Inferno na Touchstone zitakupunguzia kazi nyingi, nami nazitumia, ila wagonjwa wanaofanana na wa kwetu utawaingiza mwenyewe.

Jaribio jipya silianzi kuliamini hivihivi. Narudisha ile D kubwa, naliendesha, nasubiri jekundu, yaani lifeli. Lisipotokea, seva hiyo siiunganishi na kituo chochote.