Je, Uislamu ni udhanifu? Na anayeitwa mdhanifu afanye nini?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Mhadhiri wa falsafa ametufundisha kuwa dini zote ni udhanifu (idealism), kwa sababu zinatanguliza roho kabla ya maada, yaani vitu vya kushikika. Kisha tukamsoma mwanafalsafa Berkeley, anayesema kitu kipo kwa kuwa kinatambuliwa na akili, na Mungu ndiye anayevitambua vitu vyote daima. Nikaona yanafanana na imani yetu. Mtaani nako naitwa mdhanifu, kwa maana ya mtu anayetaka kila jambo liwe kamilifu, kwa kuwa nilijitoa kwenye kamati ya madrasa: hesabu hazikuwa safi, na masomo tuliyokubaliana hayakufundishwa yote. Niyakubali maneno ya Berkeley? Na je, nilegeze msimamo wangu?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mgawanyo wa mhadhiri wako ni wa Friedrich Engels, mwenzake Karl Marx. Katika kitabu chake cha mwaka 1886 juu ya Feuerbach, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliwatia wanafalsafa katika kambi mbili: wanaosema roho imetangulia maumbile, na wanaosema maumbile ndiyo ya mwanzo. Kwa kipimo hicho, kila anayeamini kuwa ulimwengu umeumbwa ni mdhanifu, apende asipende. Wamo humo Plato, Hegel, na bibi yako anayesoma uradi alfajiri. Jina lenye upana huo halikudhuru kitu, wala halikufundishi kitu.

Swali lenye uzito ni jingine: vitu vina hakika yake, au ni fikra tu? Hapa wanachuoni hawakuacha mwanya. Umar an-Nasafi, aliyefariki mwaka 537 Hijria, ameifungua Aqida yake, kitabu kifupi cha itikadi, kwa kusema kuwa hakika za vitu zimethibiti na kuzijua ni jambo la kweli, kinyume cha wasemavyo masofisti, yaani wenye kutilia shaka hakika za vitu. At-Taftazani alipoisherehesha akawataja wapinzani hao kwa mafungu 3: wanaokanusha hakika za vitu moja kwa moja, wanaosema kila kitu ni vile kila mtu anavyoitakidi, na wanaosema hatujui lolote. Mwanafunzi wa mara ya kwanza hushangaa kuona kitabu cha tauhidi kinaanza na vitu badala ya sifa za Allah. Sababu ni kwamba dalili ya Muumba inapitia huko: ulimwengu umezuka, na kilichozuka hakikosi aliyekizusha. Ukiufuta ulimwengu, umeifuta na dalili.

Sasa Berkeley, askofu wa Ireland, aliyetoa kitabu chake kikuu cha falsafa hii mwaka 1710. Tusimdhulumu: hakusema meza haipo. Alisema hakuna maada inayosimama nje ya kila akili. Meza ni mkusanyiko wa rangi, ugumu na umbo vinavyotambuliwa, na ukitoka chumbani Mungu bado anaitambua. Samuel Johnson, mwandishi wa Kiingereza, alilipiga jiwe teke kuonyesha kuwa Berkeley kakosea. Hakujibu kitu, kwa sababu ugumu wa jiwe na maumivu ya mguu navyo ni vitu vinavyotambuliwa.

Kosa liko kwingine. Sisi tunasoma katika Suratu Faatir, aya ya 41, kwamba Allah ndiye anayezizuia mbingu na ardhi zisiondoke. Maana yake viumbe vinamhitaji kila nukta. Lakini kutojitegemea si sawa na kuwa fikra. Na wanachuoni wa tauhidi hutenganisha kazi za sifa: elimu ya Allah inakifichua kitu jinsi kilivyo, na kinachokileta kwenye kuwepo ni uwezo Wake kwa mujibu wa matakwa Yake. Angalia Suratul An'aam, aya ya 28: makafiri lau wangerudishwa duniani wangeyarudia yaleyale. Allah anayajua marejeo hayo, na hayapo wala hayatakuwepo. Basi kujulikana na Allah peke yake si kuwepo, na nguzo ya Berkeley imeanguka hapo. Msome, ufaulu mtihani wako, usimfanye kuwa tauhidi.

Tuje kwenye kamati. Kanuni ya fiqhi inasema linalowezekana haliangushwi na lisilowezekana. Katika madhehebu ya Shafi, mwenye maji yasiyotosha udhu wote, kwa kauli yenye nguvu, anayatumia kwanza kwa mpangilio wake, uso, kisha mikono, mpaka yaishe. Ndipo atayamamu kwa viungo vilivyobaki. Akitayamamu huku maji bado yamo kwenye kopo, amekosea utaratibu. Vivyo hivyo zakatul fitri: asiyepata pishi nzima, yaani vibaba 4, akapata kibaba kimoja, atakitoa hicho kimoja.

Lakini kanuni hii ina mpaka, na wengi wanaoitaja huusahau. Anayeweza kufunga nusu siku tu halazimiki kuifunga nusu hiyo, kwa sababu nusu ya saumu si saumu. Kwa hiyo kabla hujalegeza au kukaza, uliza: jambo hili linagawanyika?

Masomo ya madrasa yanagawanyika. Mliafikiana masomo 6, walimu wakapatikana wa 3; fundisheni matatu, na kujitoa kwa sababu hiyo ni sawa na kuyamwaga maji ya kopo. Ukweli wa hesabu haugawanyiki. Hakuna kuweka sahihi nusu ya uongo. Katika mkataba wa Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, Suhayl bin Amr, mjumbe wa Makureshi, alikataa mkataba uandikwe "Mtume wa Allah". Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akakubali maneno hayo yafutwe, liandikwe jina lake na la baba yake, na Umra ikaahirishwa hadi mwaka wa 7. Papo hapo akawaambia kuwa yeye ni Mtume wa Allah hata wakimkadhibisha. Maandishi aliyaachia, utume hakuuachia.

Hukueleza "hesabu hazikuwa safi" ni vipi. Stakabadhi kupotea si sawa na fedha kuliwa, na Qur'ani imetukataza dhana mbaya. Rudi, kama watakupokea. Omba daftari la mapato na matumizi, ulinganishe na stakabadhi zilizopo, na kila pengo uliulize ndani ya kikao, si kwenye baraza la kahawa. Usiyoyajua usiyatie sahihi, na pingamizi lako liandikwe kwenye muhtasari. Wakikutaka ufiche baada ya hapo, toka, na waeleze waliochanga kwa nini umetoka, kwa kadiri ya ulichokithibitisha tu.

Wallahu a'lam.