Kipimo kilichopitisha heparini chafu

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa ufamasia. Tumefundishwa kwamba heparini iliyochafuliwa, ile iliyozua taharuki Marekani mwaka 2008, ilikuwa imeshafaulu vipimo vya ubora kabla ya kufika hospitalini. Iliwezekanaje, na kichafuzi kilinaswa kwa njia gani?

JIBU: Ilifaulu kwa sababu kipimo kilitazama kazi ya dawa, hakikutazama kilichomo ndani yake. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe, na nguvu yake, kwa utaratibu wa Marekani wa wakati huo, ilipimwa kwa kuangalia jinsi inavyochelewesha plazima (sehemu ya majimaji ya damu) ya kondoo kuganda. Kichafuzi, yaani kondroitini (aina ya sukari ya mnyororo mrefu ipatikanayo kwenye gegedu) iliyoongezewa salfeti, vikundi vya kemikali vyenye chaji hasi, kupita kiasi, nacho huzuia damu kuganda kwa kiasi fulani, hivyo kipimo kikaridhika. Mwilini mambo yalikuwa mengine: dutu hiyo huchochea uzalishaji wa bradikinini, kemikali ya mwili inayotanua mishipa ya damu; mishipa ikatanuka na shinikizo la damu likashuka ghafla. Dalili za mwanzo zilionekana mwishoni mwa 2007 kwa watoto waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine huko Missouri.

Kuvitenganisha viwili hivyo si kazi nyepesi. Molekuli za heparini hazilingani urefu wala idadi ya salfeti, kwa hiyo kwenye grafu mchambuzi hapati kilele chembamba bali mlima mpana, ambamo dutu inayofanana nayo hujificha bila shida. Kilichokisaliti kichafuzi ni chaji yake hasi, iliyo kubwa kuliko hata ya heparini. Katika elektroforesisi ya kapilari, mbinu ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliitangaza Machi 2008 pamoja na kipimo cha mwangwi wa sumaku wa viini (NMR, kinachotambua muundo wa molekuli), sampuli husukumwa na umeme ndani ya mrija mwembamba mno wa silika, na kichafuzi hutangulia. Katika kromatografia ya kubadilishana ioni, ambapo sampuli hupitishwa kwenye safu ya chembe zinazonasa molekuli kwa chaji, mpangilio hugeuka: kichafuzi hung'ang'ania chembe zenye chaji chanya, kikaachia mwisho kabisa, chumvi inapozidi kuongezwa.

Kwa kazi ya kila siku ningechagua kromatografia hii, kwa kuwa mashine yake tayari imo katika maabara nyingi za dawa. Angalia tu usichanganye kichafuzi na salfeti ya dematani, dutu inayofanana na heparini ambayo ni sazo la kawaida la utumbo, ambalo hutoka kabla ya heparini.