Farasi si ng'ombe: ushauri kwa wanaofuga farasi kandokando ya Lubumbashi

Farasi wa Lubumbashi ni wachache. Wapo wa watu wanaowapanda kwa michezo, na wapo wengine kwenye mashamba ya barabara za Likasi, Kipushi na Kasenga. Mimi ni msaidizi wa daktari wa mifugo katika kliniki ndogo nje ya mji, na kazi yetu ya kila siku ni kuku, mbuzi, ng'ombe na mbwa wa kulinda nyumba. Kwa hiyo anayemtunza farasi huku mara nyingi ni mchungaji aliyekulia kwenye ng'ombe. Ni mtu hodari, ila anamtunza farasi kwa ujuzi uleule wa ng'ombe, na shida nyingi tunazoitiwa huanzia hapo.

Chukua dawa ya kupe. Ng'ombe wengi hunyunyiziwa dawa yenye amitrazi, na inawafaa. Farasi akipakwa, utumbo wake unalegea, kinyesi kinakwama kwenye utumbo mpana, na maumivu yanaweza kuja wakati hakuna tena anayekumbuka habari ya pampu. Kwenye shamba moja tulimkuta farasi akijibingirisha, daktari akauliza amepakwa nini. Mchungaji akajibu bila wasiwasi: "Njo ile ya bangombe, dokta." Sikumlaumu. Dawa nyingi zinaingia kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, maandishi ni ya Kiingereza, na watu wetu wamesoma Kifaransa. Kinachosomeka kwenye chupa ni picha ya ng'ombe. Basi kabla ya kununua, mwambie muuzaji akusomee jina la dawa iliyomo ndani, kisha umpigie daktari umtajie.

Kibaya kuliko hicho ni chakula cha kuku. Cha kuku wa nyama mara nyingi huchanganywa na dawa ya kuzuia kuhara damu, na mojawapo inaitwa monensini. Kuku anaivumilia, ng'ombe naye kwa kipimo chake anaivumilia. Farasi anaweza kuuawa na miligramu 2 au 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Inaharibu msuli wa moyo, na hakuna dawa ya kuitangua. Nimesikia watu wakisema "kidogo tu, pumba zimeisha". Hapana. Gunia la kuku lisikae hata chumba kimoja na chakula cha farasi, na kopo la kuchotea liwe lake peke yake.

Halafu kuna mahindi. Hapa kwetu mahindi ni bukari, yaani ugali, kwa hiyo mazuri yanakwenda kinuni, na yaliyoota ukungu "wapewe wanyama". Ukungu mmoja wa mahindi hutoa sumu iitwayo fumonisini, na kwa farasi sumu hiyo inaozesha sehemu nyeupe ya ubongo. Utamwona anazunguka mahali pamoja, anasukuma ukuta kwa kichwa, haoni vizuri, na baada ya siku chache amekufa. Ng'ombe aliyekula gunia hilohilo anaweza kusimama pembeni akicheua. Kuyaanika juani hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Kama wewe mwenyewe hungeyasaga kwa bukari, usimpe farasi.

Na sindano ya malale ya mifugo, ile yenye diminazeni, usimchome mwenyewe. Kwa farasi nafasi kati ya kipimo kinachoponya na kinachodhuru ni nyembamba mno, na kipimo kinataka uzito. Uzito wenyewe unaweza kuukadiria kwa utepe wa fundi cherehani: pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe tena kwa urefu wa kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako, kisha ugawanye kwa 11,900. Jibu ni kilo. Hata dawa ya minyoo inataka hesabu hiyo.

Mwisho wa mvua ndio wakati ninaouogopa. Maradhi ya farasi ya Afrika huletwa na visubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu, wanaouma hasa kuanzia machweo hadi alfajiri. Farasi hawaambukizani kwa kugusana, wala binadamu haupati. Lakini ikishika mapafu, wengi wanakufa, wakitoa povu puani. Ikishika moyo, vile vishimo vya juu ya macho vinavimba. Daktari aulizwe habari ya chanjo mapema, maana ugonjwa ukishaingia hakuna dawa ya kuua kirusi. Kilicho mikononi mwako ni banda: farasi waingie kabla jua halijazama, watoke likiwa limepanda. Najua wachungaji wanapenda kuwaacha nje usiku kwa sababu ya baridi na majani mabichi, na tumebishana sana juu ya hilo. Msimu huo mpime kila farasi joto asubuhi, kwa sababu homa hutangulia wakati bado anakula vizuri. Akifa, mzike kwa kina. Mbwa wakila nyama yake wanaweza kuugua ugonjwa huohuo.

Sasa tumbo, ambalo ndilo linalotuamsha usiku. "Dokta, kuya mbio, farasi iko nakufa!" Sawa, lakini mimi nataka tarakimu. Farasi mzima aliyetulia ana joto la 37.5 hadi 38.5, moyo unapiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, anapumua mara 8 hadi 16. Mshipa utaupata chini ya taya. Moyo ukipita 60 naye hakimbizwi wala hajatishwa, tunawasha pikipiki hapohapo. Bonyeza ufizi kwa kidole, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Tuambie amekunya lini, amekunywa maji kiasi gani, ufizi una rangi gani. Jizoeze kupima akiwa mzima. Akiwa anajitupa chini hutajifunza kitu.

Wakati tuko njiani, ondoa chakula chote. Mtembeze polepole kama anataka kubingirika, lakini usimchoshe. Usimmiminie mafuta kwa chupa. Farasi hawezi kutapika, na mafuta yakienda njia ya pumzi utakuwa umeongeza ugonjwa wa mapafu juu ya ule wa tumbo. Daktari ana mpira wa kupitisha puani mpaka tumboni. Dawa ya maumivu nayo isubiri, kwani inaficha dalili tunazozihitaji.

Na tuelekezane barabara vizuri. "Baada ya mwembe" haitoshi usiku wa mvua, mpeleke kijana mwenye tochi kwenye njia panda. Pesa ya mafuta ya pikipiki tukubaliane kwenye simu, kwa faranga au kwa dola, ili tukifika tuanze na farasi.