Mama, BA haimpeleki mtu KSL

Swali limetoka kwa mama anayeuza mitumba Gikomba: "Wakili, habari yako. Msichana wangu alipata B, Kiswahili A-, na KUCCPS, wale wa kupanga wanafunzi vyuoni, wakampeleka BA ya sayansi ya siasa chuo cha umma. Yeye anataka uwakili. Mjomba wake anasema asome hiyo BA kwa pesa ya serikali, akimaliza aende shule ya sheria. Halafu kuna ajenti hapa tauni anasema anajua njia fupi. Pesa yangu ni ya kuhesabu, nifanyeje?"

Mama, hongera kwa hiyo A- ya Kiswahili. Sasa hii ya mjomba naisikia karibu kila wiki na inaniuma kwa sababu wanaoisema huwa wanawapenda hao watoto kweli. Hiyo ni njia ya Marekani: kule mtu anasoma digrii yoyote ile miaka minne, ndio anaingia shule ya sheria miaka mitatu anapata JD. Watu wameiona kwa filamu wakadhani ni dunia nzima. Hapa kwetu LLB, yaani digrii ya sheria, ndiyo digrii ya kwanza, miaka minne, unaingia nayo moja kwa moja kutoka form four ukiwa na C+ na angalau B ya Kiswahili ama Kiingereza. Hiyo shule ya sheria anayosema mjomba ni KSL, yaani Kenya School of Law kule Karen, na KSL hawaangalii BA, wanataka LLB.

Piga hesabu: BA miaka minne, arudi aanze LLB miaka mingine minne, KSL pamoja na pupillage, yaani mafunzo ya kazi chini ya wakili, mwaka mmoja na nusu. Hiyo ni tisa na nusu. Na uchungu wenyewe ni kwamba skolashipu ya serikali atakuwa ameimaliza kwa BA, hiyo LLB utailipa wewe na banda lako.

Kwa hivyo kabla hajaripoti, aombe uhamisho kwa KUCCPS. Pointi zake za klasta, zile za masomo yanayohesabiwa kwa kozi, zifikishe za mtu wa mwisho aliyechukuliwa LLB mwaka huo na nafasi iwepo. Asing'ang'anie kampasi ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Parklands tu kwa sababu ni Nairobi, aangalie na za mbali kama Moi kule Eldoret, mtihani wa uwakili ni ule ule mmoja kwa wote na hakuna anayeongezewa maksi kwa jina la chuo. Uhamisho ukikataa, LLB ya chuo cha binafsi haina skolashipu ya serikali lakini mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, anaweza kuomba, riba asilimia 4 kwa mwaka. Na ile fomu ya hali ya familia ya kuombea skolashipu na mkopo ajaze ukweli wote, asibahatishe, maana ndiyo inaamua bendi yako, yaani ngazi ya uwezo wa familia, na kwa bendi za 2024 ya chini familia ililipa asilimia 5 ya gharama ya kozi na ya juu 40, sasa fikiria ukiwekwa bendi isiyo yako. Ikitokea, mkate rufaa.

Kitu kingine watu husahau ni KSL yenyewe. Karo yake imekuwa karibu laki mbili, bado pesa ya mtihani wa CLE, baraza la elimu ya sheria, bado nyumba na nauli, halafu miezi sita ya pupillage ambayo ofisi nyingi hulipa kidogo ama hazilipi kabisa. Nawajua vijana wana LLB safi na wamekaa nyumbani kwa sababu hakuna aliyewaambia waanze kuweka mapema. Mia mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, miaka minne, ni 249,600. Weka sacco, usiweke kwa simu utaitumia.

Na huyo ajenti. Hawa watu wananikasirisha sana. Wanawaambia wazazi diploma inatosha kwenda KSL, ama kuna LLB ya mtandaoni ya nje utamaliza haraka. Diploma haikufanyi wakili. Digrii ya nje lazima CLE waitambue kwanza, na kuna watu wamemaliza kusoma, wamelipa kila kitu, ndio wanaishia kortini kubishana na KSL kuhusu vigezo, miaka inaenda. Hata chuo cha hapa usikubali kwa macho: 2015 CLE waliamuru shule ya sheria ya chuo kikubwa cha umma ifungwe, na wanafunzi walikuwa darasani. Orodha ya wenye leseni iko kwa tovuti ya CLE, angalia chuo na uangalie pia kampasi, maana chuo kinaweza kuwa na leseni ya kampasi moja na nyingine haina. Ajenti akisema leseni "iko njiani," toka hapo, na kama ameshachukua pesa ya usajili mwambie unataka risiti yenye jina la chuo, wengi hapo ndio hunyamaza.

Uhamisho kwanza lakini, mama. Akeshe kwa hiyo tovuti ya KUCCPS, dirisha likifunguliwa halikai.