Dakika 12 chumbani, 8 jukwaani

SWALI: Mimi ni msimuliaji wa hadithi. Nikifanya mazoezi peke yangu, kisa kinachukua dakika 12. Mbele ya watu kinaisha kwa dakika 8, na waliokaa nyuma wanasema hawakuambulia kitu. Kila mara najiambia "taratibu", lakini nikishaanza nasahau. Nifanyeje?

JIBU: Usianze na ulimi. Jirekodi kwa simu kwenye onyesho lijalo, kisha linganisha na rekodi ya chumbani. Mara nyingi sehemu kubwa ya muda uliopotea haikuwa ndani ya maneno, bali katikati yake: vituo vimefutika.

Hofu humwaga adrenalini (homoni ya mshtuko) mwilini, moyo unakwenda mbio, pumzi inapanda kifuani na kuwa fupi. Mwenye pumzi fupi hukimbilia mwisho wa sentensi kabla hewa haijamwishia, kisha hudaka nyingine upesi na kuruka kituo. Isitoshe, sekunde 2 za kimya humwelemea aliye jukwaani kama dakika nzima, ilhali msikilizaji anazihitaji ameze alichosikia. Ndiyo maana kujiambia "taratibu" hakukusaidii. Utavuta maneno kama mwenye usingizi, na punde mbio zinarudi.

Chukua andiko lako na penseli. Weka mkwaju mmoja (/) pale wazo dogo linapoishia, na miwili (//) pale picha inapobadilika. Penye mmoja, funga mdomo kwa muda wa kutamka "moja" moyoni. Penye miwili, toa kwanza hewa iliyobaki, ndipo uiache nyingine iingie hadi usikie tumbo linatanuka. Kutoa ndiko kunakosahauliwa. Anayevuta juu ya hewa ya zamani hupandisha mabega tu, na baada ya sentensi mbili anatweta.

Kisha simulia huku ukitembea, ukisimama kabisa kwenye kila mkwaju. Miguu ikisimama, ulimi nao hutulia. Dakika 10 kila siku kwa wiki moja zinatosha kuanzia. Usitie mkwaju baada ya kila maneno mawili, utasikika kama anayesoma imla.

Kwa hao wa nyuma: anayekimbia humeza silabi, na Kiswahili hakisamehe hilo. Alikuja, amekuja, atakuja; ni silabi moja tu inayotenganisha jana na kesho. Nong'ona mistari 10 huku mtu amesimama hatua 5 mbele yako. Asipoipata, konsonanti zako zimelegea. Dakika 2 zinatosha, maana kunong'ona kwa muda mrefu huchosha koo.

Siku yenyewe, simama, mtazame mtu wa safu ya mwisho, toa pumzi, ndipo useme. Ukiikimbiza sentensi ya kwanza, zitakazofuata ni vigumu kuzirudisha.

SWALI: Nikisema polepole, hadhira haitachoka?

JIBU: Itachoka, kama kila kitu ni polepole. Ugomvi na kukimbizana viache viende mbio. Punguza kwenye jina jipya, kwenye tarakimu, na kwenye kauli inayokigeuza kisa. Wachekeshaji wana kipimo kizuri: kicheko kikipanda, nyamaza, kikianza kushuka, endelea kabla hakijazima. Ukisema juu ya kicheko, umepoteza maneno yako na umewafundisha watu wasicheke tena.

SWALI: Ukumbi una mwangwi mkali, lakini kipaza sauti kipo. Bado nipunguze kasi?

JIBU: Ndiyo, tena zaidi. Kipaza sauti hukuza sauti, hakiisafishi. Silabi iliyomezwa itatoka imemezwa vilevile, ila kwa kishindo. Kabla watu hawajaingia, piga kofi moja usikilize mwangwi unachukua muda gani kufa. Vituo vyako vya mikwaju miwili visiwe vifupi kuliko muda huo. Ukumbi ukijaa, mwangwi utapungua, kwa kuwa miili na nguo hufyonza sauti. Na kama umepewa dakika 10, andaa maneno ya dakika 8, la sivyo vituo ndivyo utakavyovitupa kwanza saa ikikubana.